Franco ule mwingine: maoni yangu juu ya La voce del padrone, na wimbo wake wa kutafuta mwenye kuongoza ndani

Nianze na jibu, juu najua watu mingi hamusomaki mpaka mwisho. Albamu inaitwa La voce del padrone, maana yake sauti ya mwenye, ya bwana, ni ya Franco Battiato, Mutaliano wa Sisilia, ilitoka mwezi wa tisa 1981, nyimbo saba tu, nusu saa na kidogo, na mimi naipatia nyota nne juu ya tano. Ile ya tano nimeikata juu ya mustari moja mu wimbo wa sita, nitafika pale. Na ni ule wimbo wa sita njo umefanya nishike simu niandike, unaitwa Centro di gravità permanente, juu zile zingine zote kuko nzuri sana, kuko za sawa tu, lakini ule moja ni mambo ingine kabisa, unaweza kuupiga mu harusi wazee wakacheza, na kumbe ndani yake kuko mutu anatafuta ni nani anamuongoza toka ndani, na anatafuta kweli, hafanyi muchezo ata kama sauti yake inacheka.

Kwanza tumalize mambo ya jina. Huku kwetu ukisema Franco kila mutu anajua ni Luambo Makiadi, mwenye OK Jazz, hakuna mjadala. Kijana mwenye ananijaziaka miziki mu kadi ya simu huko Birere, hapa Goma, nilimuambia nataka Franco ya 1981, akafungua fayili ya rumba mbele nimalize kusema. Nikamuambia apana petit, ule mwingine, Mutaliano. Akaniangalia kama mutu mwenye malaria. "Mukubwa, Franco iko moja." Lakini hawa wawili wanafanana na kitu: hakuna ata moja alibatizwa Franco. Wetu alikuwa François, wa Sisilia alikuwa Francesco, na huyu Francesco aligeuka Franco huko Milano mu miaka ya 1960 juu kulikuwa tayari mwimbaji mwingine Francesco, anaitwa Guccini, wakaalikwa fasi moja ku televizio, njo Giorgio Gaber mwenye kuongoza emisio akamushauri abadilishe jina watu wasichanganye. Ikabakia vile, mpaka mama yake naye akaanza kumuita Franco.

Kusema ukweli mutu akianza na disk zake za kwanza atakimbia. Battiato alitoka Sisilia kijana akaenda kutafuta maisha Milano, na mu miaka ya 1970 alikuwa anafanya miziki ya vifaa vya umeme, sentetiza, kelele, manunguniko, albamu yake ya kwanza Fetus ilitoka 1972 na nasema hivi kwa heshima yote, haichezeki. Kiisha akazidi mbele, akafika ku vipande vya piano vyenye vinarudilia kitu kimoja na kunyamaza, kurudilia na kunyamaza, na wataalamu wakamupatia zawadi yenye jina la Stockhausen, Mujerumani ule mwenye miziki mizito. Zawadi ni zawadi, lakini kwa nyumba hakuna mutu anafagia akiimba ile. Na yeye mwenyewe aliona. Akaenda kujifunza violo (ile ya begani, si gitaa) kwa muzee Giusto Pio, mwenye alikuwa anapiga mu orkestra ya RAI, redio na televizio ya serikali ya Italia, pale Milano, alimupita karibu miaka ishirini, na ule mwalimu akageuka rafiki wa kuandika naye nyimbo. Kuanzia 1979 wakaanza kutoa nyimbo fupi fupi za kuimbika. Mwanzo wa 1981 wakamutengenezea dada moja anaitwa Alice wimbo wa kushindana ku Sanremo, akashinda, na mwezi wa tisa wa ule mwaka Battiato akatoa hii yake. Ikapita milioni moja ya disk, ya kwanza ya Kiitaliano kufika pale. Mutu wa kelele za umeme! Sasa vijana wa plaji walikuwa wanaimba maneno yake bila kuelewa, na hapo njo stori inaanza kuwa tamu.

Juu maneno yenyewe hayakutoka mu mapenzi. Mu miaka ya 1970 Battiato alikuwa amekwisha kuanza kutafakari, kukaa kimya na kujiangalia, na alikuwa anasoma mafundisho ya muzee moja anaitwa Gurdjieff. Huyu Gurdjieff alizaliwa Armenia wakati ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, akazunguka Asia miaka na miaka, kiisha 1922 akafungua shule yake karibu na Fontainebleau, Ufaransa, watu wanaamuka mapema wanapasua kuni, wanalima, wanafanya michezo ya mwili yenye inaomba akili yote ikae fasi moja, na alikufia kule Ufaransa 1949. Mwanafunzi wake Ouspensky njo aliandika masomo yake kinaganaga, kitabu kikatoka ule mwaka wa 1949, kwa Kifaransa kinaitwa Fragments d'un enseignement inconnu. Niko nakisoma ku simu usiku wakati watoto wamelala, ni kizito, kurasa za namba na sayari naziruka bila haya, lakini kuko mafasi mawili yenye yanafungua ule wimbo mzima kama ufunguo.

Fasi ya kwanza, muzee anasema mutu hana "mimi" moja. Iko na mimi mingi, kila moja inakuja, inashika usukani kidogo, inatoka. Asubui mimi moja inaapa kuacha pombe, magaribi mimi ingine iko ku meza na chupa mbili na haijui kabisa ile ahadi, juu asubui haikuwako. Yeye anatoa mufano wa gari ya farasi ya kukodisha, gari ni mwili, farasi ni hisia, dereva ni akili, na kwa kiti ya nyuma badala ya mwenye gari anaingia abiria yeyote wa njiani na kila moja anatoa amri. Sisi wa Goma hatuna lazima ya farasi kwa kuelewa, ni motari ya Birere kabisa: huyu anapanda anasema Ndosho, anashuka, mwingine anapanda anasema Himbi, ule anasema nifikishe mbio mbio ku Katindo, moto inazunguka siku nzima inakula esanse, na ukiuliza yenyewe ilitoka nyumbani ikienda wapi, hakuna. Mwenye moto hayuko. Huyo mwenye ndiye padrone wa ku jalada ya albamu, na Battiato anataka kusikia sauti yake. Kuko watu wanaelezaka lile jina juu tu ya kampuni ya zamani ya disk yenye picha ya mbwa anasikiliza gramofoni, na nayo ni kweli, EMI ya Italia ilitoka mu ile kampuni na disk hii ilitoka kwa EMI, bwana alicheza na yote mbili kwa mara moja.

Fasi ya pili, mule mu kitabu watu wamepangwa kwa namba. Wa kwanza anaongozwa na mwili, wa pili na hisia, wa tatu na kichwa, na hao wote watatu wanazaliwa vile, hakuna bora kuliko mwenzake, ata ule wa kichwa mwenye anajionaka. Wa ine hazaliwi. Anatengenezwa na kazi, shule, kujikaza, na kitu chenye kinamutenganisha na wale wengine ni kwamba ndani yake kuko kituo cha uzito chenye hakihami. Basi, wimbo ni huo. Ile refre (kiitikio) yenye Italia nzima iliimba wakila aiskrimu, kwamba natafuta kituo cha uzito cha kudumu, kisichoniacha nibadilishe mawazo juu ya vitu na juu ya watu, ni somo la muzee wa Fontainebleau lililovalishwa nguo ya disko. Mimi niliposoma ile ukurasa nikarudia wimbo mara moja na nikasikia kitu ingine, ile sauti yenye nilifikiri ni ya mzaha ni sauti ya mutu anaomba.

Lakini alifanya ujanja, akaficha ombi katikati ya takataka nzuri. Mistari ya mwanzo iko na bibi muzee wa Bretagne na kofia yake na mwamvuli wa karatasi na fimbo ya mwanzi, kiisha makapiteni wajasiri, kiisha wafanya magendo wajanja wa Masedonia (hapa Goma, na mupaka iko palepale Petite Barrière, hiyo haituombi maelezo), kiisha Wajezuiti wenye hesabu za Euclid, Mugriki wa zamani wa jeometri, wamevaa sawa watawa wa Buda ili waingie ku nyumba ya wafalme wa Ming. Hii ya mwisho watu wanafikiri ni ndoto ya mutu amelewa. Ni historia tupu. Ni mapadri kama Matteo Ricci, Mutaliano, mwenye aliingia China mu miaka ya 1580 amenyolewa na kuvaa kanzu ya watawa wa kule, kiisha akaona watu wakubwa wa China hawaheshimu sana ile nguo, akabadilisha akavaa kama msomi wa Confucius, akafika Pekini 1601, na 1607 yeye na msomi wa kule Xu Guangqi wakatoa kwa Kichina vitabu sita vya kwanza vya Euclid. Wajezuiti hao hao, shirika moja na wenye Collège Alfajiri pale Bukavu, muulize mutu yeyote alisoma pale kama hesabu zilikuwa muchezo.

Na mimi naona hawakuwekwa pale bure. Angalia: padri anabadilisha nguo mara mbili lakini ndani anabakia na kitu chake kimoja, Euclid mu begi na Mungu wake mu roho. Huyo iko na kituo. Mwenye kuimba, yeye, hana, yeye ni watalii wa vichwa vyake mwenyewe, mara bibi wa Bretagne, mara Masedonia, mara barabara za Pekini mwezi wa tano watu wanataniana wakichuma majani ya upupu. Wimbo unaruka kutoka inchi mpaka inchi sawa ile mimi mingi ya Gurdjieff, kiisha refre inakuja inasema jamani nimechoka, nataka fasi ya kusimama. Sijasoma mutu amesema hivyo, ni usikilizaji wangu, mwenye anakataa akatae.

Sasa tufike ku nyota yangu ya tano. Mu ubeti wa pili anaanza kuhesabu vitu vyenye hawezi kuvumilia: korali za Kirusi, rock ya uongo, wimbi jipya (new wave) la Kiitaliano, free jazz, punk ya Kiingereza, na mwisho kabisa, anasema, ata ile nyeusi ya Afrika. Ndiyo, miziki yetu. Mwaka wa 1981! Mwaka wa 1981 Luambo iko hai, Tabu Ley iko hai, Kinshasa haikuwa inalala, na muzee wa Sisilia anatuweka ku mwisho wa lisiti nyuma ya punk. Niliposikia mara ya kwanza (rafiki mwenye alifanya seminari na mapadri Wataliano alinitafsiria, akicheka) nilizima. Kiisha nikafikiri. Ile lisiti ni mzaha, lazima iwe mzaha, juu mutu anasema hapendi korali na nyuma yake saa hiyo hiyo korali inaimba, Madrigalisti di Milano, watu wamefundwa kabisa; anasema hapendi wimbi jipya na sentetiza ile unasikia ni ya wimbi jipya; na ukifika mwisho, baada ya kulaumu miziki ya bei rahisi, anaanza kuimba vipande vya Kiingereza vya mapenzi, bebi nahitaji penzi lako, vile vile vya bei rahisi kuliko vyote. Na Gurdjieff alikuwa anafundisha kwamba hizi "napenda, sipendi" za mutu njo mashine yenyewe, hazina mwenye. Kwa hiyo anajionyesha akiwa mgonjwa mbele ya kuomba dawa. Sawa. Naelewa. Ila mzaha wa kutaja korali za Kirusi unaumiza Warusi kidogo tu, wako na meli na vyombo vya kwenda mwezini, sisi ile miziki njo tulikuwa nayo. Nyota imekatwa, tuendelee.

Na refre yenyewe niko na shida nayo kidogo, bila kukata nyota. Kutobadilisha mawazo juu ya watu? Hapa Goma tumeona watu wanabadilisha rangi kila serikali, asubui wanapigia huyu makofi magaribi wanapigia ule, kwa hivyo naelewa utamu wa mutu mwenye hahami. Lakini tumeona pia wale wenye hawabadilishi, wenye waliamua zamani kabila ya jirani iko vile na haiwezi kuwa ingine, na hao walituletea vilio zaidi. Nilimuuliza padri moja wa parokia, akaniambia, "Mwanangu, jiwe nalo halibadilishi mawazo." Nafikiri Battiato alijua, juu kazi yake yote ya nyuma haikukaa fasi moja ata kidogo. 1989 aliimba mbele ya Papa Yohane Paulo wa Pili. 1992, Irak ikiwa imefungiwa na dunia mzima, alienda Bagdad kuimba na orkestra ya wenyeji. Alipenda miziki ya Masufi, akajifunza Kiarabu, akachora picha. Baadaye mu 1996 akatoa La cura, maneno aliandika pamoja na mwanafalsafa Manlio Sgalambro, na pale haombi tena kituo, anaongea kama mwenye amekwisha kukipata na sasa anaweza kulinda mutu mwingine. Mwenye anataka wimbo wa kulia, ni ule. Mwenye anataka wa kuanza, ni huu wa sita.

Miziki sasa, juu ni maoni ya albamu si ya katekisimu. Nilifanya jaribio kwa kinyozi, huko Majengo, kuko sabufa kubwa yenye inatetemesha vioo, nikamuomba aunganishe simu yangu. Mwanzo ule wa sentetiza unaingia na besi, tin-tin-tin, kama jeshi la watoto, na mashine ya kunyolea ikanyamaza. Kinyozi amesimama na kichwa cha mteja nusu kimenyolewa nusu bado. "Ni Kireno hii? Ni ya Angola?" Ule wa kwa kiti, muzee wa miaka sitini hivi, akasema ni Lingala ya wazungu. Ilipofika refre mguu wake chini ya lile shuka ulikuwa unapiga, na ya pili mara akaanza kuimba "permanente, permanente" juu ni neno lenye linashikika, kwetu Kifaransa kinasaidia. Wakati violo za Giusto Pio zinapanda nyuma, kinyozi akaongeza sauti bila kuomba ruhusa. Huyo njo juri wangu, na hakuambiwa kitu juu ya Gurdjieff. Ku simu peke yake, kile kisauti kidogo, usijaribu, korali inageuka mbu. Weka ekuta ao tafuta sabufa. Gitaa ya Alberto Radius na kinanda ya Filippo Destrieri vinakaa pembeni mbili na vinaongea kati yao, ku simu unapoteza yote.

Zile zingine nitapita mbio. Ya kwanza, Summer on a Solitary Beach, ni bahari na joto, nzuri ya asubui, na Ziwa Kivu mbele yako inafaa kabisa. Bandiera bianca iko na hasira na kicheko, anachambua siasa na pesa na wanamuziki, anasema badala ya Beethoven na Sinatra anachagua saladi (ona sasa, si sisi peke yetu tulitukanwa), na ile refre ya bendera nyeupe ku daraja, kwa mutu wa huku, haichekeshi sana kama walivyotaka. Gli uccelli, ndege, ni nzuri mno, violo tena, ningelipa ile peke yake. Cuccurucucù ni kumbukumbu za shule na nyimbo za zamani, watu wanaipenda, mimi inanichosha. Segnali di vita, ya tano, nawaomba musiiruke, ni nyumba na viwanja wakati wa magaribi, taa zinawaka moja moja na yeye anafikiria nyota na sayari zinavyozunguka. Siku kuko umeme mutaa wote na unaangalia toka juu ya nyumba, unajua anasema nini. Na inaingia moja kwa moja mu wimbo wa sita, walipanga kwa akili, kwanza unaangalia mbingu kiisha unajiuliza na mimi nimesimama wapi. Ya saba, Sentimiento nuevo, ni ya mapenzi ya mwili, kinanda nzuri, sitaongeza kitu juu dada zangu wa korali wanasomaka hapa.

Kuko jambo lingine linanivuta kwa huyu mutu na si la miziki. Alizaliwa 23 mwezi wa tatu 1945 upande wa Riposto, chini ya Etna, na alipopata pesa hakubakia Milano, alirudi akajenga Milo, ku mutelemko wa ule ule mulima wa moto. Etna na Nyiragongo yetu zote zinapita metre 3300, zote ziko hai, na mji wa Catania pale chini lava ya 1669 ilifika ikafunika upande moja, na watu wakajenga na mawe yale yale meusi, barabara na kuta, sawa sisi tulivyojenga Goma juu ya ile ya 2002. Yeye alifia nyumbani Milo, siku ya pili (mardi) 18 mwezi wa tano 2021, mwaka wenye Etna ilikuwa inarusha moto kila mara toka mwezi wa pili. Ile siku ya posho (samedi) yenyewe, tarehe 22, magaribi, anga ikawa nyekundu hapa kwetu na lava ikashuka mpaka Buhene, na siku chache baadaye mji mzima tuko njiani na magodoro ku kichwa, wengine Sake, wengine Gisenyi, wengine mu boti ya Bukavu. Hakuna mutu wa Goma angesikia habari ya mwimbaji wa Sisilia ile juma, na mimi sikusikia, nilijua nyuma sana. Lakini sasa nikisikia mutu wa volkano anaomba fasi yenye haihami, simuoni kama mwanafalsafa wa kitabu. Chini ya miguu yake kulikuwa moto kweli.

Bei na kupata: disk yenyewe hapa hautaiona, usipoteze siku ku Birere. Ku YouTube nyimbo zote saba ziko, ukiwa na mega za usiku pakua zote kwa mara moja juu ni fupi. Kuko pia Centro kwa Kiespanyol na kwa Kiingereza alizirekodi baadaye, ya Kiespanyol iko na chumvi yake, ya Kiingereza mimi naikataa, inamuvua ule mzaha na kubakisha maneno. Tafuta ya 1981. Sikiliza ya tano na ya sita pamoja, mara ya kwanza bila tafsiri, cheza tu, kiisha tafuta maneno ku intaneti, kiisha kama uko na moyo fungua Ouspensky ku sura za mwanzo, usianze na zile za sayari utachukia kila mutu.

Na kama kuko mutu iko na Legione straniera mu kadi yake, ile albamu Giusto Pio alitoa mwenyewe 1982, violo na sentetiza bila mutu wa kuimba, aniandikie. Ule kijana wa Birere amekataa kuitafuta, anasema kwanza nimulipe ile saa alipoteza na Franco wangu. Mwenye ataileta namununulia Primus, na ya baridi.